Don Revie: Mbabe wa Leeds aliyemalizwa na MND

SHABIKI wa Arsenal humwambii kitu kuhusu Ijumaa ya Mei 26, 1989. Usiku ule Michael Thomas alifunga bao la dakika za nyongeza pale Anfield, Liverpool wakalala 2-0 nyumbani kwao na ubingwa wa England ukaenda London.

Siku hiyohiyo, kule Edinburgh, Scotland, alifariki mzee wa miaka 61 ambaye miguu ilishagoma kitambo. Ni Don Revie. Vijana wengi wa leo hawamjui, lakini ndiye aliyeifanya Leeds United iogopwe.

Alizaliwa Julai 10, 1927 mjini Middlesbrough, familia ya kipato cha chini. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka 12. Akakomaa na mpira. Akiwa Manchester City alicheza kama straika anayeshuka chini kuchukua mipira, staili waliyoitumia Hungary kuichapa England 6-3 mwaka 1953. Mabeki walikuwa hawajui wamfuate au wamwache. Mwaka 1955 akawa Mwanasoka Bora wa England, na 1956 City wakabeba Kombe la FA kwa kuifunga Birmingham 3-1.

Machi 1961 akapewa Leeds, timu iliyokuwa inapumulia mashine Daraja la Pili. Akabadili jezi ziwe nyeupe tupu kama za Real Madrid, akawalea akina Billy Bremner, Norman Hunter na Eddie Gray kama wanawe. Alitaka kila kitu kipite mikononi mwake. Wapinzani aliwafungulia mafaili, na vijana wake wakiwa kambini aliwachezesha bingo ili wasizurure. Hata suti ya bluu ya bahati alikuwa haibadilishi.

Matokeo yakaonekana. Ubingwa wa ligi 1969 na 1974, Kombe la Ligi 1968, Kombe la FA 1972 kwa kuifunga Arsenal 1-0, na makombe mawili ya Ulaya ya Fairs. Msimu wa 1968-69 walipoteza mechi mbili tu za ligi. Ila nje ya Leeds hawakupendwa. Walicheza rafu, na wao wala hawakujificha.

Mwaka 1974 akachukua timu ya taifa ya England, mambo yakagoma. Julai 1977, akiwa bado na mkataba, akatimkia Falme za Kiarabu. FA ikamfungia miaka 10. Akaenda mahakamani na 1979 adhabu ikafutwa, lakini jina lilishachafuka. Wengi wakamuona msaliti aliyekimbilia pesa.

Mwaka 1987, akiwa amestaafu Scotland, madaktari wakamwambia ana MND, ugonjwa uleule aliokuwa nao mwanasayansi Stephen Hawking.

Uko hivi. Ili mguu upige mpira, ubongo lazima utume amri, na amri hiyo husafirishwa na mishipa ya fahamu hadi kwenye msuli. MND huiua mishipa hiyo. Msuli usiopata amri hunywea, mwingine hukakamaa, mwingine huchezacheza wenyewe bila mwenye nao kutaka. Mikono hudondosha kikombe, ulimi huwa mzito, mwishoni hata misuli ya kupumulia huchoka. Kwa wagonjwa wengi akili hubaki timamu, hivyo mtu anajiona anavyoisha. Tiba ya kuuponya haipo mpaka leo.

Mei 1988 alirudi Elland Road kwa mara ya mwisho mbele ya mashabiki, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Ilichezwa mechi ya kuchangia utafiti wa ugonjwa huo. Mwaka mmoja baadaye akafariki. Wachezaji wake walikwenda kumzika. FA haikutuma mwakilishi.

Hapo ndipo inapouma. Kosa lake lilijulikana na mahakama ilishalisema. Lakini aliyewahi kubeba benchi la England alizikwa bila hata mtu mmoja kutoka ofisi zile.

MND haikuishia kwake. Jimmy Johnstone, winga wa Celtic iliyobeba Ulaya 1967, ulimuua 2006. Fernando Ricksen wa Rangers akafuata 2019. Tafiti za Italia na Scotland zimeonyesha waliocheza soka la kulipwa hufikwa na ugonjwa huu kuliko watu wa kawaida, ingawa chanzo bado hakijathibitishwa.

Leeds haikumsahau. Jukwaa moja la Elland Road linaitwa kwa jina lake, na tangu 2012 sanamu yake imesimama nje ya uwanja.