Hitchcock: alijaza kumbi za sinema, Oscar ya uongozaji hakuipata

Kila mwaka tunapotangaza washindi wa tuzo za Oscar, swali huwa ni lile lile: filamu iliyojaza kumbi dunia nzima, mbona haikushinda? Swali hilo si la leo. Alfred Hitchcock, mwongozaji wa filamu za kutisha na za mashaka, alizeeka nalo.

Alizaliwa London mwaka 1899, mtoto wa muuza mboga. Kazi ya filamu aliianza kwa kuchora vibao vya maandishi vya filamu zisizo na sauti. Mwaka 1939 alihamia Marekani na mkewe, Alma Reville, aliyekuwa mhariri wa filamu na mshauri wake mkubwa. Filamu yake ya kwanza huko, Rebecca, ilishinda Oscar ya filamu bora. Lakini tuzo hiyo huchukuliwa na mtayarishaji, naye alikuwa David O. Selznick.

Mwaka 1960 Hitchcock alitoa Psycho. Kampuni ya filamu iliitilia shaka, akaweka fedha zake mwenyewe. Iligharimu kama dola 800,000 tu, ikapigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe na mafundi wa kipindi chake cha televisheni. Mhusika tunayedhani ndiye mkuu anauawa kabla filamu haijafika nusu, kwa hiyo Hitchcock alitaka wenye kumbi wasimruhusu yeyote kuingia akichelewa. Watu walipanga foleni barabarani.

Psycho ilipendekezwa kwa Oscar nne. Filamu bora haikuwemo. Yeye alipendekezwa kuwa mwongozaji bora, mara ya tano maishani mwake, na ya mwisho. Tuzo ikaenda kwa Billy Wilder.

Kwa nini? Oscar haihesabu tiketi. Wanaopiga kura ni wanachama wa akademia, yaani watu wa kazi hiyo hiyo: waigizaji, waongozaji, wahariri na wengineo. Wengi wao enzi zile waliona filamu za kutisha ni burudani tu, si sanaa ya heshima. Nasi tunaongeza hili: mtu anayepiga kelele kwa hofu hana nafasi ya kutazama jinsi picha zilivyokatwa na kuunganishwa. Ufundi wa Hitchcock ulijificha ndani ya hofu hiyo.

Mwaka 1968 akademia ilimpa tuzo ya heshima ya Irving G. Thalberg, kwa kazi yake ya miaka mingi. Alishukuru kwa maneno machache mno, akaondoka jukwaani.

Alifariki Aprili 1980. Filamu yake Vertigo ya mwaka 1958 ilikuwa imependekezwa kwa Oscar mbili tu, ya sauti na ya upambaji wa mandhari, ikakosa zote. Mwaka 2012 wahakiki waliopigishwa kura na jarida la Uingereza la Sight and Sound waliiweka ya kwanza kati ya filamu zote zilizowahi kutengenezwa.