Chalino Sánchez

Rosalino Sánchez Félix, anayejulikana zaidi kwa jina la Chalino Sánchez (30 Agosti 1960 – 16 Mei 1992), alikuwa mwimbaji na mtunzi wa nyimbo kutoka nchini Mexiko. Alijulikana hasa kwa nyimbo za aina ya corrido, yaani tenzi zinazosimulia habari za watu na matukio, zikisindikizwa na akodiani au bendi ya matarumbeta. Aliuawa akiwa na umri wa miaka 31, baada ya miaka michache tu ya kurekodi, lakini baada ya kifo chake umaarufu wake ulizidi kuwa mkubwa.

Maisha ya awali

Chalino alizaliwa katika kijiji kidogo karibu na Culiacán, mji mkuu wa jimbo la Sinaloa, kaskazini magharibi mwa Mexiko. Familia yake ilikuwa ya wakulima maskini, na baba yake alifariki Chalino akiwa bado mtoto mdogo. Jina Rosalino hakulipenda kwa sababu aliliona kama la kike, hivyo akalikata.

Waandishi waliofuatilia maisha yake wanasimulia kwamba mtu mmoja mwenye nguvu kijijini alimbaka dada yake. Chalino, akiwa kijana wa miaka kama 15, alimkuta mtu huyo kwenye sherehe na kumpiga risasi. Baada ya hapo alikimbilia Marekani, akaishi Los Angeles pamoja na ndugu zake. Huko alifanya kazi za mashambani, aliosha vyombo na kuuza magari, na pia aliwahi kujihusisha na biashara haramu ndogondogo.

Mwaka 1984 kaka yake Armando aliuawa kwa risasi hotelini katika mji wa Tijuana, mpakani mwa Mexiko na Marekani. Chalino alitunga corrido kwa ajili yake, na huo ndio unaohesabiwa kuwa utunzi wake wa kwanza. Katika kipindi hichohicho alifungwa katika gereza la La Mesa mjini humo. Wafungwa wenzake walikuwa na visa vingi vya kusimulia, naye akaanza kuwatungia nyimbo kwa malipo.

Muziki

Alipotoka gerezani alirudi Los Angeles na kuendelea na kazi hiyo. Wateja wake walikuwa wahamiaji wa kawaida, wengi kutoka vijiji vya Sinaloa: mtu alitaka wimbo juu ya ndugu yake aliyeuawa, au juu yake mwenyewe. Wengine walilipa fedha, wengine saa au bastola. Kwa hiyo wengi wa watu wanaotajwa katika nyimbo zake hawakuwa vigogo wa dawa za kulevya, ingawa mara nyingi huchanganywa nao, bali watu ambao habari zao zisingeandikwa popote.

Mwanzoni hakukusudia kuimba mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 aliingia studio ili wateja wapate nyimbo zao katika kaseti, na watu wasiowafahamu wahusika wakaanza kuziulizia. Chalino alizisambaza kwa mkono wake katika magulio ya wikiendi, maduka ya nyama na sehemu za kuosha magari. Kampuni ndogo ya Cintas Acuario ya Pedro Rivera, baba wa waimbaji Jenni na Lupillo Rivera, ilikuwa miongoni mwa zilizouza kazi zake. Redio hazikuzipiga.

Sauti yake haikuwa nzuri kwa vipimo vya kawaida: ilikuwa nyembamba, ya puani, na mara kwa mara ilitoka nje ya noti. Mwenyewe alisema kwamba haimbi bali anabweka. Hata hivyo wasikilizaji waliisikia kama sauti ya mtu wa kwao, yenye lafudhi ya kijijini isiyosafishwa. Alipanda jukwaani na kofia pana iliyoinamishwa upande mmoja na bastola kiunoni.

Shambulio la Coachella

Mwezi Januari 1992 alikuwa akitumbuiza katika mji wa Coachella, kwenye jangwa la California, wakati mtu mmoja alipopanda jukwaani na kumpiga risasi. Chalino alitoa bastola yake akajibu. Mtu mmoja aliyekuwa ukumbini alifariki na kadhaa walijeruhiwa, akiwemo Chalino mwenyewe. Mshambuliaji alikamatwa na baadaye akahukumiwa kifungo. Habari hiyo ilitangazwa na televisheni za Marekani, na mauzo ya kaseti zake yakapanda. Wimbo wake wa mapenzi "Nieves de enero" ulivuma baada ya tukio hilo.

Kifo

Usiku wa 15 Mei 1992 aliimba katika ukumbi wa Salón Bugambilias mjini Culiacán. Video ya onyesho hilo inamwonyesha akipewa kikaratasi. Anakisoma, anajifuta jasho, kisha anaimba "Alma enamorada". Wengi huamini kilikuwa na kitisho cha kifo, lakini hakuna uthibitisho. Ni kawaida pia kwa wasikilizaji kumpelekea mwimbaji vikaratasi vya kuomba nyimbo.

Baada ya onyesho gari lake lilisimamishwa na watu wenye silaha waliojitambulisha kuwa polisi, wakaondoka naye. Asubuhi ya 16 Mei wakulima waliukuta mwili wake kando ya mfereji wa umwagiliaji, akiwa amefungwa kitambaa machoni na amepigwa risasi mbili kichwani. Mikono yake ilikuwa na alama za kamba. Hakuna aliyewahi kuhukumiwa kwa mauaji hayo.

Urithi

Mwaka huohuo wa 1992 kituo cha KLAX, kilichopiga muziki wa kimaeneo wa Mexiko, kilishika nafasi ya kwanza kwa wasikilizaji Los Angeles. Vijana waliozaliwa Marekani, ambao awali waliuonea aibu muziki wa wazazi wao, walianza kuvaa kofia na viatu vya wafugaji. Waimbaji walioiga sauti na mavazi yake walikuwa wengi kiasi cha kupewa jina la "chalinitos".

Chalino aliacha mke, Marisela, na watoto wawili, Adán na Cynthia. Adán naye akawa mwimbaji. Tarehe 27 Machi 2004, wiki moja baada ya kuimba katika ukumbi wa Kodak Theatre huko Hollywood, alifariki katika ajali ya gari jimboni Sinaloa akiwa na umri wa miaka 19.