Haroun Tazieff: mjiolojia aliyekutana na volkano Kivu, na somo aliloliachia watoto wa Kadutu

BUKAVU – Mtoto wa Nkafu au wa Cimpunda, katika komini ya Kadutu, hahitaji kusafiri mbali ili aone kazi ya volkano. Jiwe jeusi, zito, lenye vitundu vidogo vidogo, ambalo anaweza kulikanyaga akienda shule au akiteremka sokoni, ni lava ya zamani iliyopoa. Udongo mwekundu unaoshika viatu wakati wa mvua nao ulikuwa lava, ikaoza polepole kwa muda mrefu sana. Kilima chote ni kama nyumba ya kuhifadhia mawe, isiyo na mlango wala tiketi.

Kati ya watu waliofanya dunia ijue mawe na mioto ya Kivu, jina la Haroun Tazieff linatangulia. Alifariki mwaka 1998, na vijana wengi wa leo hawamjui. Lakini wazee waliosoma zamani wanakumbuka vitabu vyake na filamu zake, na Wafaransa wengi walijifunza kutoka kwake kwamba katika Congo kuna mlima unaobeba ziwa la moto.

Yatima wa vita

Tazieff alizaliwa tarehe 11 Mei 1914 mjini Warsaw, wakati mji huo ulikuwa bado chini ya utawala wa Urusi. Baba yake alikuwa daktari, Mtatari wa ukoo wa Kiislamu, na ndiyo sababu mtoto akaitwa Haroun. Vita Kuu ya Kwanza ilianza miezi michache tu baadaye, na baba akauawa katika vita hivyo. Mtoto akakua bila kumjua.

Mama yake, mwanamke aliyesoma sayansi, alimchukua wakakimbilia Ubelgiji mwanzoni mwa miaka ya 1920. Maisha ya mkimbizi yanajulikana vizuri katika Kivu: lugha mpya, shule mpya, kuanza upya bila kitu. Haroun alipita humo. Alipenda michezo ya nguvu, ngumi na raga, na alipenda milima. Mwaka 1936 alipata uraia wa Ubelgiji.

Alisoma kilimo huko Gembloux, kisha jiolojia katika chuo kikuu cha Liège, akamaliza mwaka 1944. Katikati ya masomo hayo Wajerumani waliivamia Ubelgiji, naye akajiunga na wale waliopigana nao kwa siri. Vita ilipokwisha alikuwa na umri wa miaka 31, diploma mbili mkononi, na hamu ya kwenda mbali.

Kutoka kasiterite hadi moto

Aliondoka Ulaya kuja Congo ya Wabelgiji. Kwanza alifanya kazi katika migodi ya kasiterite huko Katanga. Kasiterite, jiwe linalotoa bati, haihitaji maelezo kwa wasomaji wa Kivu ya Kusini, kwani familia nyingi za hapa zimekula au zimelia kwa sababu yake. Baadaye akaingia katika idara ya jiolojia ya koloni, akaletwa Kivu, jimbo ambalo makao yake makuu yalikuwa Bukavu. Wakati huo Wabelgiji waliuita mji huu Costermansville.

Mwezi Machi 1948, ardhi ilipasuka kaskazini mwa ziwa Kivu, upande wa mlima Nyamulagira. Mahali hapo paliitwa Kituro. Tazieff alitumwa kwenda kuangalia. Hakuwa mtaalamu wa volkano. Alikuwa mtu wa migodi na ramani, aliyezoea mawe yaliyolala kimya. Pale Kituro alikuta mawe yanayozaliwa: lava ikitiririka msituni, vipande vya moto vikirushwa juu na kuanguka pande zote, mlima mpya ukikua mbele ya macho yake.

Badala ya kubaki mbali na darubini, alisogea. Aliangalia vipande vinavyoruka, akahesabu muda kati ya mlipuko mmoja na mwingine, akapanda hadi karibu na mdomo wa volkano. Alipiga picha na kuchukua filamu. Kazi aliyotumwa kuifanya kwa siku chache ikageuka kuwa kazi ya maisha yake yote.

Mwaka huo huo wa 1948 alipanda Nyiragongo, mlima wa mita 3,470 unaosimama juu ya Goma. Mwanga mwekundu uliokuwa ukionekana usiku juu ya mlima ulikuwa umewashangaza watu kwa miaka mingi. Tazieff aliteremka ndani ya shimo la mlima na kuona chanzo chake: ziwa la lava inayochemka. Alirudi tena katika miaka ya 1950 na baadaye pamoja na watafiti wengine, ingawa kibali cha kuingia katika mbuga hakikuwa rahisi kupata. Filamu yake ya mwaka 1966 kuhusu Nyiragongo ilipewa jina lenye maana ya volkano iliyokatazwa.

Safari hizo zote hazikuwa kazi ya mtu mmoja. Kamba, mahema, chakula na mitambo vilipandishwa mlimani na mabega ya Wakongo waliojua njia za msitu kabla ya mgeni yeyote kufika. Mgeni ndiye aliyepata sifa. Hilo nalo ni sehemu ya historia ya sayansi katika Kivu, na mtoto anapaswa kulisikia.

Gesi ndiyo injini

Mwaka 1951 Tazieff alitoa kitabu chake kuhusu volkano, kilichoanza kumjulisha kwa watu wengi. Mwaka huo huo alisafiri katika bahari ya Shamu pamoja na Cousteau, mtafiti maarufu wa bahari. Mwezi Agosti 1952 alikuwa ndani ya shimo refu la Pierre-Saint-Martin, kwenye milima ya mpaka wa Ufaransa na Hispania, wakati mwenzake Marcel Loubens alipoanguka kwa sababu kifungo cha waya kiliachia. Tazieff alikuwa naye chini kule, gizani, hadi Loubens alipokata roho. Tangu hapo alijua kwa uchungu kwamba kosa dogo la chombo linaweza kuua.

Miaka iliyofuata alizunguka dunia: Etna na Stromboli huko Italia, Indonesia, Amerika, kisha jangwa la Afar nchini Ethiopia, ambako volkano ya Erta Ale nayo ilikuwa na ziwa la lava. Mwishoni mwa miaka ya 1950 filamu yake kubwa kuhusu volkano ilionyeshwa katika sinema. Watoto wa Ulaya waliokuwa hawajawahi kuona mlima wa moto walikaa gizani wakishangaa.

Lakini hakutafuta picha peke yake. Wazo lake kuu lilikuwa gesi. Alisisitiza kwamba gesi iliyofungwa ndani ya mawe yaliyoyeyuka ndiyo injini ya mlipuko, na kwamba mtu anayetaka kujua volkano itafanya nini lazima asogee kuichota gesi hiyo na kuipima. Wengi waliona ni wazimu. Leo kupima gesi ni kazi ya kawaida ya vituo vinavyochunguza volkano.

Jambo hilo linaeleweka hata kwa mtoto wa miaka saba. Tikisa chupa ya Fanta, kisha ifungue: povu linaruka kwa sababu gesi inataka kutoka. Ukikunywa polepole bila kutikisa, hakuna kinachoruka. Lava nayo iko hivyo. Vile vitundu kwenye jiwe jeusi la Kadutu ni alama za mapovu ya gesi, yaliyonaswa wakati lava ilipokuwa inapoa.

Alipokuwa sahihi, alipokosea

Mwaka 1976 jina la Tazieff liliingia katika ugomvi mkubwa. Katika kisiwa cha Guadeloupe, volkano ya Soufrière ilianza kutoa mvuke na majivu. Serikali ya Ufaransa iliwahamisha watu zaidi ya 70,000. Tazieff alipanda, akaangalia, akasema kwamba ule ni mvuke wa maji, si lava mpya, na kwamba hapakuwa na sababu ya kuwafukuza watu makwao kwa miezi. Tarehe 30 Agosti yeye na wenzake walinaswa na mlipuko kileleni, wakapigwa na mawe, wakaponea chupuchupu. Hata hivyo hakubadilisha maoni yake. Alipoteza cheo katika taasisi aliyokuwa anafanyia kazi huko Paris. Mwishowe mlipuko mkubwa uliogopwa haukutokea.

Alikosea pia. Tarehe 21 Agosti 1986, ziwa Nyos nchini Kamerun lilitoa wingu la gesi lililoua watu wapatao 1,700 usiku mmoja. Tazieff na baadhi ya wenzake walishikilia kwamba chanzo kilikuwa mlipuko wa volkano chini ya ziwa. Wanasayansi wengi leo wanakubali maelezo mengine: gesi ilikuwa imekusanyika ndani ya maji ya chini kwa muda mrefu, ikatoka kwa ghafula. Katika uzee wake alipinga pia tahadhari kuhusu tundu la ozoni, na hapo sayansi haikumpa haki.

Kwa wakaaji wa Bukavu, habari ya Nyos si ya mbali. Ziwa Kivu lina gesi ya kaboni na metani nyingi sana katika maji yake ya chini, na ndiyo sababu linachunguzwa. Karibu na Goma na Sake, watu wana neno lao la zamani kwa gesi nzito inayokaa mabondeni na kuua mbuzi, hata watoto: mazuku. Wanasayansi wa nje walilichukua neno hilo na kulitumia katika maandishi yao.

Waziri wa majanga

Tazieff alichukua uraia wa Ufaransa mwaka 1971, na kutoka mwaka 1979 hadi 1989 alikuwa meya wa kijiji cha Mirmande. Kutoka mwaka 1984 hadi 1986 alikuwa katika serikali, akisimamia kinga dhidi ya majanga makubwa. Alipigania jambo moja rahisi: mahali pa hatari pachorwe kwenye ramani kabla nyumba hazijajengwa, na watu waelezwe ukweli kabla ya siku ya janga. Alifariki Paris tarehe 2 Februari 1998, akiwa na umri wa miaka 83.

Tarehe 10 Januari 1977, ziwa la lava la Nyiragongo, lile alilolitazama akiwa kijana, lilikuwa limepasua mlima na kumwagika kwa chini ya saa moja, likiua watu vijijini. Miaka minne baada ya kifo chake, tarehe 17 Januari 2002, mlima ulipasuka tena na lava ikapita katikati ya Goma hadi ziwani. Safari hiyo Wakongo wenyewe walikuwa wameona dalili: mtafiti Dieudonné Wafula alikuwa ametoa tahadhari mapema. Tarehe 22 Mei 2021 lava ilirudi tena, na katika siku zilizofuata watu wengi wa Goma walipanda mashua kuja Bukavu, wakapokelewa na ndugu na marafiki.

Darasa liko chini ya miguu

Hapa ndipo maisha ya Tazieff yanamhusu mtoto wa Kadutu. Mawe mengi mazuri ya Congo yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, mbali na mtoto huyo. Lakini anaweza kuanza na yale yaliyo nyumbani. Achukue mawe matano ya njiani. Apime kwa mkono lipi ni zito. Atazame lipi lina vitundu, lipi linang'aa, lipi lina mistari. Akwaruze moja kwa msumari aone kama linaachia unga. Ayapange, ayape namba, aandike ameyaokota wapi. Amekwisha kuanza kazi ile ile ya mjiolojia.

Kisha aulize ziwa. Zamani maji ya eneo hili yalielekea kaskazini, hadi volkano za Virunga zilipoziba njia. Maji yakapanda, yakatafuta mlango mwingine, yakatokea kusini. Mlango huo ni mto Ruzizi, pale pale Bukavu, unaotupatia umeme siku umeme unapokuwapo.

Mchezo huu una faida inayopita furaha. Tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliua watu na kubomoa nyumba Bukavu na upande wa Rwanda. Huko Funu, ndani ya Kadutu, mteremko mzima unateleza polepole, na nyumba zilizojengwa juu yake zinapasuka kuta. Mtoto aliyejifunza kwamba udongo mwekundu ulikuwa jiwe, na kwamba maji yakiingia ndani yake unalainika na kuteleza, ataelewa kwa nini mfereji usizibwe na takataka, na kwa nini ufa mpya ukutani unapaswa kuripotiwa kabla ya mvua kubwa.

Tazieff alifika Kivu bila kujua volkano. Alichokuwa nacho ni macho ya kuangalia, miguu ya kusogea na daftari la kuandikia. Vitu hivyo vitatu mtoto wa Kadutu anaweza kuwa navyo leo, ikiwa mwalimu na mzazi watampa nafasi ya kuinama na kuokota jiwe.