Askofu Steere, Mtu wa Kusikiliza

Wengi wetu tunamkumbuka Askofu Edward Steere kwa sababu ya Kanisa Kuu la Mkunazini, Unguja, lililojengwa mahali palipokuwa soko la watumwa. Safari hii twapenda kuwakumbusha kazi yake nyingine, ambayo sisi tuliofundisha miaka mingi katika chuo cha ualimu tumeila matunda yake.

Alizaliwa London mwaka 1828. Alisoma sheria, kisha akaiacha akawa padre wa vijijini kwao Uingereza. Alifuatana na Askofu Tozer mpaka mto Shire, na mwaka 1864 wakahamia Unguja.

Huko Mombasa Dr. Krapf alikuwa amekwisha kuanza kuandika Kiswahili tangu mwaka 1844. Lakini lugha hii ina milango mingi. Mvita husema ndia na mato. Mwunguja husema njia na macho. Steere hakutaka kuwafundisha Waunguja lugha yao kutoka kitabuni. Alikaa nao, mabwana wenye elimu na watu wa kawaida, akawaomba wamsimulie hadithi, naye akaziandika kama walivyozitamka. Mwaka 1870 vikatoka vitabu viwili: kimoja cha sarufi na maneno ya Kiunguja, na kimoja cha hadithi zile.

Misheni ilikuwa pia na watoto waliookolewa utumwani, waliotoka makabila mengi ya bara. Watu wengine wangeona lugha za watoto hao si kitu. Yeye aliziuliza na kuziandika. Alitoa vitabu vidogo vya Kishambaa mwaka 1867, Kiyao mwaka 1871, na Kimakonde mwaka 1876. Mwaka 1874 aliwekwa kuwa Askofu, na mwaka uliofuata akatembea kwa miguu kutoka Lindi mpaka kwa Mataka, mkuu wa Wayao. Mwaka 1876 aliwaongoza watu waliowekwa huru wakaanzisha makao Masasi. Alifariki Unguja mwezi Agosti 1882, akazikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga.

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Tumepata faida kubwa: mtoto wa Tanga na mtoto wa Kigoma husoma kitabu kimoja. Lakini hapa sisi walimu yatupasa kuungama. Mwanafunzi alipoandika neno la kwao, tulilikata kwa wino mwekundu, wala hatukumwuliza maana yake. Tulidhani twalinda lugha. Mwanafunzi hakuliandika tena, na wazee waliolijua wengi wametangulia. Tulishika kitabu alichokianzisha Steere, tukaisahau njia aliyokipatia.

Bado kuna nafasi. Katika mtaa wetu wako akina bibi na babu wanaojua majina ya samaki, ya miti, ya pepo na ya mvua ambayo hayamo katika kamusi yo yote. Vijana wetu wa Kipaimara na wachukue daftari, waende wakaketi miguuni pao jioni moja, waulize, waandike, wala wasisahihishe. Tutakuwa tumemkumbuka Askofu vema kuliko kwa kutaja jina lake tu.