Nyumba Kabla ya Arusi



Hapa Milimani, Kisumu, sisi wenye ndoa hualikwa mara kwa mara kwenye kamati za arusi. Tunachanga, tunahesabu magari, hema na keki. Ni vizuri kusaidiana. Lakini mimi katekista nimewaona wachumba waliomaliza kila senti siku ile moja, na mwezi uliofuata wakagombana juu ya kodi ya nyumba. Kwa hiyo leo nawasimulia uchumba wa watu wawili wa ziwa hili letu, upande wa Musoma.

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka wa 1922. Baba yake, Chifu Burito, alikuwa na wake wengi. Mama yake, Mugaya, alikuwa wa tano. Julius alibatizwa Desemba 1943, akiwa mtu mzima anayejua anachochagua. Fikirini, mtoto wa chifu kukubali kuwa na mke mmoja tu, hali boma alilokulia lilimfundisha vingine!

Alipokuwa mwalimu Tabora alimchumbia Maria Gabriel wa Tarime, naye pia mwalimu. Mwaka wa 1949 Julius akaenda kusoma Edinburgh, Scotland. Maria akabaki. Miaka zaidi ya mitatu walitenganishwa na bahari, bila simu ya mkononi. Kila mmoja angeweza kupata mwingine. Hawakuachana.

Oktoba 1952 Julius alirudi na shahada yake. Kutoka Dar es Salaam alipanda gari la moshi mpaka Mwanza, kisha meli mpaka Musoma. Kabla ya arusi alijenga nyumba ya matofali ya udongo, kwa mikono yake mwenyewe. Msomi wa chuo kikuu hakuona haya kukanyaga udongo. Januari 1953 wakafunga ndoa katika misheni ya Musoma.

Majaribu yalikuja upesi. Walihamia Pugu, alikofundisha, lakini mwaka wa 1955 aliacha ualimu kwa ajili ya kazi ya TANU, na mshahara ukakatika. Maria akafungua duka dogo ili familia ile. Walijaliwa watoto wanane, wakakaa pamoja mpaka kifo cha Julius, Oktoba 1999.

Ndugu msomaji, unaona walivyojiandaa? Walichagua, walingojana, walijenga. Mwaka wa 1981 Papa Yohane Paulo wa Pili alitufundisha kwamba maandalio ya ndoa huanza utotoni, nyumbani. Basi mafundisho ya padre na matangazo ya Jumapili tatu hayatoshi. Binti yako anajifunza ndoa jioni hii, anapokusikia ukimjibu mama yake.

Utakapoitwa tena kwenye kamati, changa. Lakini kwanza waite wachumba kando, uwaulize kwa upole: Mtalala wapi baada ya arusi? Mmoja akipoteza kazi, mtaishije? Mnaweza kungojana? Wakikosa majibu, usiwacheke. Wakaribishe kwako, waambieni wewe na mwenzako mliyapataje yenu. Na keki ikipungua ghorofa moja ili wapate sufuria na godoro, hakuna dhambi.

Mungu azibariki nyumba zenu.