Ahmad bin Majid, Mwalimu wa Bahari

Katika darasa zetu hapa Pumwani huulizwa mara kwa mara swali moja: je, sayansi ina nafasi gani kwa kijana wa Kiislamu? Wapo wazazi waionao kuwa ni mali ya Wazungu, tuliyoazimwa pamoja na skuli zao. Na wapo vijana wadhanio kuwa dini na sayansi ni nyumba mbili zisizo na mlango baina yao. Kwa kuwa maneno matupu hayamtoshi mwenye kuuliza, tumeona bora tueleze maisha ya mtu aliyezikusanya zote mbili kifuani mwake, na ambaye jina lake limeshikamana na pwani yetu, kwa haki na kwa dhulma.

Huyu ni Shihabuddin Ahmad bin Majid, aliyezaliwa katika karne ya 15 huko Julfar, mji wa Ghuba ambao mahali pake leo ni Ras al-Khaimah. Baba yake na babu yake walikuwa waongozaji wa vyombo katika Bahari ya Sham. Mtu wa kazi hiyo Waarabu walimwita muallim, na wazee wetu wa pwani wakamwita malimu. Ni jina lile lile tumpalo mwenye kufundisha watoto chuoni, na kweli kazi zao zakaribiana, kwani wote wawili waonyesha njia.

Baba yake Ahmad alikuwa ametunga utenzi mrefu unaoeleza njia, miamba na bandari za bahari ile. Ahmad aliupokea kwa heshima, lakini alipozipita njia zile mwenyewe aliona kuwa mna makosa, akayasahihisha kwa kalamu yake. Twamwomba msomaji asimame hapa kidogo. Kijana huyu hakumvunjia baba yake heshima. Alijua kuwa mwamba hauondoki mahali pake kwa sababu mzee ameuandika pengine, na kwamba roho za abiria zimo katika usahihi wa mstari mmoja. Hivyo ndivyo alivyowatendea pia mabingwa watatu wa zamani, Muhammad bin Shadhan, Sahl bin Aban na Layth bin Kahlan. Aliwasifu, akajihesabu kuwa ni wa nne wao, kisha akasema wazi kuwa wao walikuwa wakusanyaji wa habari za watu kuliko kuwa watu wa kujaribu. Labda msomaji ataona kuwa alijisifu. Ni kweli, alikuwa na fahari ya kazi yake, na vitabu vyake havikuificha. Wanachuoni nao ni wanadamu.

Ilimu yake ilikuwa ya namna gani? Alikuwa na dira yenye pande 32. Alikuwa na kipande cha ubao chenye uzi wa mafundo, kiitwacho kamali. Malimu huubana uzi kwa meno, akaulinganisha ukingo wa chini wa ubao na upeo wa bahari, na ukingo wa juu na nyota ya Jaa, akajua imepanda vyanda vingapi. Kwa hesabu hiyo hutambua amefika mbali gani kaskazini au kusini. Akizidi kushuka kusini, Jaa huzama asiione tena. Hapo hushika nyota nyingine zilizo juu zaidi. Wazee wetu waliziita pande za dunia jaa na suheli kwa majina ya nyota hizo hizo. Basi ilimu hii haikuwa ngeni kwetu hata kidogo; imo katika lugha yetu, ingawa tumesahau ilikotoka.

Mwaka 866 wa Hijra, yaani 1462, alimaliza utenzi mkubwa juu ya misingi ya ilimu ya bahari. Mnamo 895, yaani takriban 1490, alimaliza kitabu chake mashuhuri, Kitab al-Fawaid, chenye milango 12. Alianza kwa habari za Nabii Nuhu na safina, akaeleza sumaku, manzili 28 za mwezi, visiwa vikubwa, na Unguja ikiwa miongoni mwavyo, na majira ya pepo za kusafiria. Tena alitunga mashairi ya kuwaelekeza Waislamu kujua kibla popote walipo. Nyota ile ile iliyomfikisha bandarini ndiyo iliyomwelekeza katika sala yake, wala hakuona kuwa ana ilimu mbili zinazogombana.

Sasa twafika kwenye dhulma. Wengi wetu tulisomeshwa kuwa Ahmad bin Majid ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwezi wa Aprili 1498 hadi Kalikuti, alikofika mwezi wa Mei. Na kwa kuwa miaka 7 baadaye, mwaka 1505, Wareno waliishambulia Kilwa na kuichoma Mombasa, wapo waliomlaani kama aliyewafungulia wezi mlango. Lakini habari hii yatoka wapi? Waandishi wa Kireno wa karne ile wasema mwongozaji alikuwa mtu wa Gujarati. Aliyemtaja Ibn Majid ni Qutbuddin al-Nahrawali, mwanachuoni wa Makka, aliyeandika miongo mingi baadaye, na akadai kuwa alileweshwa. Katika miaka ya 1920 mtaalamu Mfaransa Gabriel Ferrand aliieneza habari hiyo duniani, ikaingia vitabuni. Tangu hapo wachunguzi kama Tibbetts, mwaka 1971, wameipima na kuiona dhaifu.

Qur'ani imetuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Nasi, tunaopekua isnadi ya hadithi, tumemsingizia Mwislamu ulevi na usaliti kwa habari ya mtu ambaye hakuwapo! Angalikuwa hai, malimu huyu angalituuliza kama tumeipita njia hiyo wenyewe.

Ama ubora wa ilimu ile, safari ya Wareno yenyewe yaushuhudia. Kwenda, wakiwa na mwongozaji na pepo za kusi, walivuka bahari kwa siku zipatazo 23. Kurudi, bila ya mwongozaji kama yule na kinyume cha majira, walitaabika karibu miezi 3, mabaharia wengi wakafa, ndipo wakafika Malindi tarehe 7 Januari 1499. Na Sidi Ali Reis, amiri wa Kituruki, alipoandika kitabu chake cha bahari mwaka 1554, alitegemea vitabu vya Ibn Majid.

Ndugu zetu wa Pumwani, Eastleigh, Shauri Moyo na Kaloleni, mtoto wenu atokapo skuli na kitabu cha fizikia, kisha akaingia chuoni na juzuu yake, msimwambie kuwa mikono yake imebeba vitu viwili vinavyochukiana. Mwambieni habari za mwana wa Julfar aliyemheshimu baba yake kwa kumsahihisha. Kufuata bila ya kupima ndiko kulikotuchelewesha, katika dini na katika dunia. Mwenyezi Mungu amrehemu Ahmad bin Majid, na atujaalie tuwe watu wa kuhakikisha. Amin.