Maisha ya Marvin Gaye, na diske yenye kuleta mabishano



Katika ukurasa wetu wa maisha ya watu wenye kujulikana, leo tunawaletea mwimbaji Marvin Gaye wa Marekani. Tunajua wengine watauliza: sababu gani gazeti la shule ya Kiprotestanti linaandika juu ya mutu wa muziki wa dunia? Tuko na majibu mawili. Kwanza, mutu huyu alikuwa mutoto wa muhubiri, na sauti yake ilianzia kanisani. Pili, katika mabweni yetu kuko mabishano makali juu ya diske yake moja ya mwaka 1978, jina lake Here, My Dear. Kikundi kimoja kinasema ile ni diske ya kisasi, haifai kusikilizwa. Kikundi kingine kinasema ni kazi yake ya kweli kupita zote. Mabishano hayo hayakuanza kwetu. Wapenzi wake kule Marekani walibishana vile vile tangu diske ilipotoka. Lakini tumeona kwamba wengi wanabishana bila kujua maisha ya mutu mwenyewe, na diske ile haisikilikane vizuri kama haujue maisha yake. Basi tuanze mwanzoni.

Utoto wake

Marvin alizaliwa tarehe 2 Aprili 1939 kule Washington, muji mukuu wa Marekani. Baba yake, naye jina lake Marvin, alikuwa muhubiri wa kanisa moja dogo lenye kushika Sabato. Mama yake, Alberta, alifanya kazi ya nyumbani kwa watu wengine. Watoto walikuwa wanne. Baba alikuwa mukali sana. Aliwapiga watoto kwa makosa madogo tu, na Marvin alipata fimbo nyingi. Alipopigwa, alikimbilia kwa mama. Lakini kanisani baba yule yule alihubiri, na mutoto aliimba mbele ya watu, nao wakafurahi. Kwa hiyo wimbo na fimbo vyote viwili alivipata mukononi mwa mutu mumoja. Tulishike jambo hili vizuri, shauri litarudi mwishoni.

Aliacha masomo ya sekondari akiwa na miaka 17, akaingia jeshi la anga mwaka 1956. Hakudumu. Hakupenda kuamuriwa, na mwaka 1957 wakamuondoa. Akarudi kuimba pamoja na vijana wenzake, na mwaka 1960 alifika Detroit, muji wa viwanda vya motokari. Huko, mwaka 1959, Berry Gordy alikuwa ameanzisha kampuni ya diske ya Motown. Marvin hakuanza kama mukubwa. Alianza kwa kupiga ngoma nyuma ya waimbaji wengine. Jina la ukoo wao liliandikwa Gay. Yeye mwenyewe aliongeza herufi e mwishoni.

Kupanda kwake

Mwaka 1962 wimbo wake Stubborn Kind of Fellow ulijulikana. Mwaka 1963 alioa Anna Gordy, dada ya Berry Gordy. Anna alimupita Marvin kwa miaka 17. Angalieni jambo hili: patro wake wa kazi alikuwa tena shemeji yake. Magomvi ya nyumbani yangeweza kumufuata kazini, na magomvi ya kazini kumufuata nyumbani.

Mwaka 1968 wimbo I Heard It Through the Grapevine ulikaa namba 1 Marekani muda wa juma saba. Lakini furaha haikuwa nzima. Kuko musichana mumoja, Tammi Terrell, mwenye kuimba naye nyimbo za watu wawili. Mwaka 1967, wakiwa jukwaani katika jimbo la Virginia, musichana huyo alianguka mikononi mwa Marvin. Alikuwa na uvimbe katika ubongo. Akafa Machi 1970, akiwa na miaka 24 tu. Marvin alihuzunika sana, akakaa muda murefu bila kupanda jukwaani.

Wakati ule ndugu yake Frankie alikuwa amerudi kutoka vita ya Vietnam, akamusimulia mambo aliyoona. Kutoka huzuni hiyo ikatoka diske What's Going On, ya mwaka 1971. Ndani yake aliimba juu ya vita, umaskini, dawa za kulevya, hata hewa yenye kuchafuliwa na viwanda. Berry Gordy hakupenda wimbo wa kwanza wa diske ile; aliona hautauzika. Marvin alikataa kuwapa nyimbo nyingine mupaka ule utoke. Ulipotoka, ulipanda mupaka namba 2. Mwaka 2020 gazeti Rolling Stone la Marekani liliweka diske ile namba 1 katika diske 500 zenye walihesabu kuwa kubwa kupita zote.

Namna diske ya mabishano ilizaliwa

Sasa tufike kwa diske yetu. Mwaka 1973 Marvin alikutana na musichana mumoja wa miaka 17, Janis Hunter. Wasichana wa darasa letu wahesabu wenyewe umri huo. Alizaa naye watoto wawili, mwaka 1974 na mwaka 1975, akiwa angali bwana ya Anna mbele ya sheria. Mwaka 1975 Anna alikwenda kwa tribinali kuomba ndoa ivunjwe.

Marvin alikuwa amepata feza nyingi sana, lakini aliitumia yote, na kodi ya serikali alikuwa hajalipa. Alipodaiwa, mukono ulikuwa mutupu. Njo avoka wake akatoa mashauri ya ajabu: Marvin atatengeneza diske mupya, na faida yake itakwenda kwa Anna. Mwaka 1977 wakakubaliana. Hesabu yote ilikuwa dolari 600.000: 305.000 kutoka kwa feza yenye kampuni ingemulipa mbele ya kazi, na 295.000 kutoka kwa mauzo.

Mara ya kwanza Marvin aliwaza kutengeneza kitu cha haraka haraka, kibaya, shauri feza haikuwa yake. Nani angejitesa kulima shamba lenye mavuno yataliwa na mwingine? Lakini alipoingia studio yake kule Los Angeles, mambo ya ndoa yake yalimushika moyo. Akaimba yote: namna walivyopendana, ahadi, hasira, watu wa tribinali, feza. Diske ikawa mbili katika mufuko mumoja, nyimbo 14, zaidi ya dakika 70. Ikatoka Desemba 1978. Jina lake maana yake ni: pokea, mupenzi.

Kwa wenye hawajasikia muziki huo, tueleze kidogo. Katika rumba yetu gitare njo inaongoza, na watu wanangoja ile saa ya sebene. Katika funk, gitare nene ya besi na ngoma njo vinabeba wimbo, na vinarudia mwendo mumoja mara nyingi mupaka mwili unatikisika. Marvin alishika mwendo huo, lakini aliupunguza. Juu yake akaweka sauti yake mwenyewe mara nyingi, sauti juu ya sauti, sawa kwaya nzima ya mutu mumoja.

Watu hawakuipokea. Haikupita namba 26 katika diske za Marekani, na kwa Marvin, mutu aliyezoea namba za juu, hiyo ilikuwa kuanguka. Anna mwenyewe alikasirika, akawaza kumushitaki tena kwa kutangaza mambo ya nyumba yao.

Mabishano yenyewe

Wenye kuikataa diske wako na sababu tatu. Ya kwanza ni ya muziki: nyimbo ni ndefu, nyingine hazina kiitikio, mutu hajui wapi aimbe pamoja. Ya pili ni ya haki: Marvin alikuwa na mikrofoni, Anna hakuwa nayo. Anamulaumu bibi yake juu ya ahadi za ndoa, na yeye mwenyewe ameisha kuzaa na mwingine. Ya tatu ni ya heshima: mambo ya bwana na bibi yanamalizikia mbele ya wazee, hayauzwi sokoni.

Wenye kuitetea nao hawanyamazi. Wanasema musikilize wimbo unaouliza wakati gani wewe uliacha kunipenda, na wakati gani mimi niliacha kukupenda. Ulizo ni kwa pande zote mbili, na wimbo huo unarudi mara tatu katika diske, sawa jeraha lisilofungika. Wanasema tena kuko wimbo Anger, mutu anaimba juu ya hasira yenye kumuharibu yeye mwenyewe. Na kama mutu anataka kucheza, A Funky Space Reincarnation iko pale. Sababu yao kubwa ni hii: mutu aliyelazimishwa angeweza kutoa takataka, yeye akatoa moyo wake. Na wakati uliwasaidia. Miaka mingi nyuma, wenye kuchambua muziki walianza kuisifu, na katika ile orodha ya diske 500 ya mwaka 2020, hii nayo imo.

Sisi tumesikiliza pande mbili. Juu ya muziki tunaunga mukono watetezi: diske haikutengenezwa kwa kupendeza dansi, basi haifai kuhukumiwa kwa dansi. Juu ya haki tunaunga mukono wapinzani: ushahidi wa mutu mumoja hautoshi, hata ukiimbwa kwa sauti tamu namna gani. Mutu anaweza kusema kweli yake yote na bado asiseme kweli nzima. Kwa hiyo diske inaweza kuwa kubwa, na mwenye kuitengeneza awe na kosa. Mambo hayo mawili hayauani, na tunafikiri mabishano yetu hayaishi shauri kila kikundi kinataka moja lifute lingine.

Mwisho wa maisha yake

Deni la kodi na kokaini vilimufukuza Marekani. Alipita Hawaii, akafika London, na Februari 1981 mutu mumoja wa muziki, Freddy Cousaert, akamukaribisha Ostende, muji wa kando ya bahari kule Ubelgiji, nchi yenye ilitutawala sisi mupaka mwaka 1960. Pale, katika baridi na upepo, hali yake ilipata nafuu. Alikimbia kwenye muchanga wa bahari, akapunguza dawa za kulevya, akatengeneza wimbo Sexual Healing wa mwaka 1982. Mwaka 1983 akapata zawadi mbili za Grammy, za kwanza maishani mwake.

Lakini aliporudi Marekani, kokaini ilirudi, na woga ukamushika. Akaenda kukaa Los Angeles katika nyumba aliyowanunulia wazazi wake. Huko alikutana tena na baba. Tarehe 1 Aprili 1984 baba aligombana na mama. Marvin akamutetea mama, akamupiga baba. Baba akaleta bastola, akamupiga risasi mwana wake. Bastola ile Marvin mwenyewe alikuwa amemupa baba. Alikufa siku moja kabla ya kutimiza miaka 45. Tribinali haikumufunga muzee. Ilimupa kifungo cha kuahirishwa na miaka mitano ya kuangaliwa. Muzee alikufa mwaka 1998.

Mwili wa Marvin ulichomwa, majivu yakamwagwa katika bahari ya Pasifiki. Kati ya watu waliokwenda kuyamwaga alikuwa Anna, yule yule mwenye kuimbwa katika diske. Yeye mwenyewe alikufa mwaka 2014.

Neno letu kwenu

Wenzetu, tunaona mutu huyu aliweza kuimba juu ya hasira, lakini hakuweza kuifukuza nyumbani kwao. Fimbo za utoto zilimungoja miaka mingi. Pengine hata katika shule yetu kuko mwenye kubeba jambo la namna ile, anacheka na wengine kutwa, na usiku halali. Asingoje kutengeneza diske. Aende kwa muchungaji, kwa mwalimu, ao kwa rafiki mwenye kufunga kinywa, aseme mapema.

Wenye kupinga maoni yetu juu ya diske waandike ukurasa mumoja, wautoe kwetu mbele ya Ijumaa. Tutauweka katika gazeti lijalo, upande huu na upande ule. Ila tunakumbusha sheria: taa zikizimwa, mabishano yanazimwa pia, hata kama juzi bweni la pili lilifikiri Marvin Gaye anaruhusu kusema mupaka saa tano ya usiku.

Kiongozi wa wanafunzi, mwaka wa sita